Semina bila posho imenitia wivu

Juzi nimekaa semina ya pamoja ya watu wa kesi za watoto kutwa nzima, posho hamna, chakula sandwichi baridi na maji. Nilienda kama mkalimani tu, maana huku jimbo la Washington Wakongo ni wengi na familia ikifikishwa kwenye ile mahakama inayoamua mtoto abaki kwao au aondolewe tunaitwa sisi wa Kiswahili. Nimeingia nimenuna, nimetoka na wivu.

Yaani chumba kimoja kuna jaji, wakili wa mzazi, wakili wa serikali, maafisa ustawi na wale wananchi wa kujitolea wanaomsemea mtoto, mpango alioubuni jaji Soukup hapahapa Seattle mwaka 1977. Wakapewa kisa cha kutunga, mama yuko kazini usiku, kichanga kaachiwa dada yake wa miaka 10. (Cheka tu Mtanzania, wengi wetu tumelelewa hivyo.) Mwanzo kila mtu na lake, mmoja anataka mtoto atolewe usiku huohuo, mwingine anasema hamna kesi hapo. Ndo wakarudishwa kwenye maswali, yaleyale kwa wote: kinachomtishia mtoto ni nini hasa, kitaje; yeye mwenyewe anaweza kujikinga kiasi gani; na nani pale nyumbani au kwenye ukoo anaweza kumlinda leo hii, sio mwezi ujao. Baba mlevi mwenye fujo kwa mtoto wa miezi 6 ni balaa, kijana wa 15 pengine anakimbilia kwa jirani. Ufukara peke yake sio jibu, na sheria ya jimbo iliyoanza kutumika Julai 2023 inasema hivyohivyo, chumba kubanana au hela kukosekana haitoshi, jaji aone hatari ya mwili iliyo karibu na apime pia maumivu ya kumtoa mtoto kwao.

Sasa kwetu Tanzania. Hakimu kapigwa msasa chuo cha mahakama Lushoto, afisa ustawi kasoma chuo cha ustawi Kijitonyama, polisi wa dawati la jinsia katokea chuo cha polisi Moshi, halafu wanakuja kukutania juu ya kichwa cha mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 tunayo na ni nzuri, inataka afisa ustawi awepo mahakama ya watoto ikikaa. Haya yupo, lakini polisi anatafuta alama za kipigo, ustawi anaangalia kama kuna godoro na unga, hakimu anasubiri ripoti isiyofika kwa sababu hamna mafuta ya gari, na mwenyekiti wa mtaa anataka wayamalize kifamilia tu.

Najua mtakavyonijibu, "kaenda Marekani juzi tu keshakuwa mzungu". Sikilizeni, huku wana madhambi, wamechukua watoto wa wenyeji asilia kwa wingi mpaka Bunge likatunga sheria ya kuwazuia mwaka 1978, na mpaka leo mama mgeni anaweza kutetemeka kwa simu ya shule tu. Kesi zenyewe siwezi kusimulia, nimeapa. Na kwenye undugu hawatufikii, kwetu mama akianguka mama mdogo kashambeba mtoto kabla serikali haijaamka, wenzetu ndo wanahimizana kumtafuta shangazi kwanza. Hapo natembea kifua mbele kabisa! Ila shangazi huyohuyo akimgeuza mtoto hausigeli nani anauliza lile swali la nani anamlinda leo?

Mwingine atasema semina za pamoja zipo. Zipo ndio, za mfadhili, hotelini, na bango la picha ya pamoja, mradi ukiisha hakimu kahamishwa na mgeni anaanza moja. Mi nasemea ukumbi wa mahakama ya wilaya, Ijumaa mchana, hakimu, ustawi, dawati na mwenyekiti wa mtaa, kisa kimoja cha kutunga mezani, kila robo mwaka. Kama tatizo ni posho semeni posho, msinitajie mila.