Magari kumi na manne, tuta moja: msafara jangwani unaokoa au unaponza?

Ubishi wenyewe ulianzia gereji, kule Igoma, Mwanza, ninakopeleka gari langu. Fundi alikuwa chini ya Hilux ya mtu, mimi nimekalia tairi bovu nikisubiri zamu, na kijana anayejifunza kazi pale akatuwekea video kwenye simu. Jangwani, mahali fulani Uarabuni. Magari nilihesabu kumi na manne, mengi Land Cruiser na Patrol, yanapanda tuta la mchanga moja nyuma ya jingine. La nne likafika juu, likatoweka. La tano likalifuata kwa mwendo uleule. Halafu mpiga picha akaanza kukimbia, tukawa tunaona mchanga na miguu yake mwenyewe, na simu ilipotulia kulikuwa na magurudumu manne yanaangalia mbinguni.

Fundi akatoka chini ya gari, akaitazama mara mbili. "Wangekwenda wawili tu, hayo yasingewakuta." Mzee aliyeleta Canter yake kubadilishwa klachi akamjibu hapohapo: "Wangekuwa wawili, nani angewatoa?" Gereji nzima ikagawanyika kama Simba na Yanga. Mimi nilikuwa upande wa mzee. Bado niko, ila si kwa moyo wote kama siku ile.

Kwanza tuelewane kuhusu tuta. Kwetu tuta ni lile la barabarani linaloua shokapu, au la viazi. Wanalopanda wale ni kilima kizima. Mchanga wa Wahiba, upande wa Sharqiya nchini Oman, una eneo la kilomita za mraba 12,500 hivi, na matuta yake mengine yanafika mita 100. Tal Moreeb, karibu na Liwa huko Abu Dhabi, linatajwa kuwa na mita zinazokaribia 300. Na tuta lina pande mbili zisizofanana hata kidogo. Upande upepo unakotokea, ambao mabaharia wa pwani wangeuita joshini, unapanda taratibu na mchanga wake umeshikana kwa kupigwa na upepo siku zote. Upande wa pili, wa demani, uliokingwa na upepo, mchanga umejimwaga wenyewe, kama mahindi yanavyomwagwa kwenye turubai. Unasimama kwenye mwinamo wa digrii 34 hivi, kwa sababu ukizidi hapo punje zinaporomoka. Huko ni laini, na huko ndiko gari linakozama au kubingirika.

Dereva anayepanda kutoka joshini haoni kitu ila boneti na mbingu. Akipungukiwa mwendo, anakwama kabla ya kufika. Akiuzidisha, gari linaruka na kutua kwa pua, na watu huumia uti wa mgongo hata kama halikupinduka. Methali zetu za pole pole hazina msaada hapo. Mchangani pole pole ndiyo inayokuzamisha. Anachotafuta dereva ni mwendo utakaomwishia juu kabisa, aone kilichopo ng'ambo, kisha ateremke pua ikiwa imenyooka kuelekea chini. Akikata usukani na kushuka kimshazari, tairi za upande wa chini zinachimba, za juu zinanyanyuka, na yanayofuata ndiyo yale ya kwenye simu.

Hoja ya mzee wa Canter ina mashahidi wa siku nyingi. Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza aliyezunguka majangwa ya Misri na Libya kwa magari ya Ford miaka ya 1920 na 1930, alikuwa tayari anafanya karibu yote yanayofundishwa leo: kupunguza upepo wa tairi, kubeba mabamba ya chuma ya kulaza chini ya magurudumu, na kusafiri magari kadhaa kwa pamoja. Thierry Sabine, Mfaransa, alipotea na pikipiki yake kwenye jangwa la Libya mwaka 1977 akiwa kwenye mashindano ya Abidjan hadi Nice, akaokolewa. Huyohuyo ndiye aliyeanzisha mbio za Paris hadi Dakar, zilizoondoka Paris kwa mara ya kwanza Desemba 1978. Wapo watakaosema mtu huyu hakukoma.

Mimi sihitaji kwenda Libya kulielewa hilo. Miaka michache iliyopita tulikuwa tunakwenda msibani upande wa Kayenze, magari matatu, mimi wa mwisho. Tulipokaribia ziwa tukaiacha njia na kupita ufukweni ili kukwepa korongo. Wale wawili walipita. Mimi nikazama mpaka kwenye difu. Nilifanya anachofanya kila mtu: nikakanyaga mafuta, na kila nilipokanyaga nikawa najichimbia kaburi mwenyewe. Wenzangu hawakujua. Walikuwa wameshafika, wameshatoa pole, wameshakaa.

Walionitoa ni wavuvi waliokuwa wanaanika dagaa pale. Mzee mmoja, baada ya "mwangaluka" na kuulizana habari za nyumbani kana kwamba gari halikuwa limezama, akaniambia nitoe upepo. Nikadhani ananitania. Akachukua njiti, akaibonyeza valvu ya tairi la nyuma mwenyewe, likaanza kufoka, na tukaliangalia likilala chini taratibu mpaka tumbo lake likatandazika kama la sato aliyewekwa mezani. Hiyo ndiyo siri yote. Tairi lenye upepo wa 35 (kwa kipimo cha PSI) linakanyaga mchanga kwa kipande kidogo. Likishushwa hadi 15 au 18 linajilaza kwa urefu, uzito unatawanyika, linaelea badala ya kukata. Vijana wakaleta magogo wanayoviringishia mitumbwi, wakasukuma kwa wimbo, nikatoka. Wale wa magari mawili walirudi kunitafuta saa moja na nusu baadaye.

Mchanga wetu una huruma, niseme. Umetokana na mawe haya haya ya Mwanza, punje zake ni kubwa na zina kona, zinashikana. Wa jangwani umesuguliwa na upepo mpaka ukawa laini na mviringo, hata wajenzi wa huko hawaupendi kwa zege. Na kule hakuna wavuvi. Kuna joto ambalo kiangazi linapita nyuzi 45, injini inakunywa mafuta kuliko ilivyozoea kwenye lami, na mtu aliye peke yake na beleshi anaweza kumaliza maji yake kabla hajamaliza kuchimba. Gari la pili na kamba nzuri hugeuza balaa hilo kuwa kazi ya dakika chache. Kuhusu kwenda peke yako kwenye matuta makubwa, basi, mimi sina pande mbili za kupima. Usiende.

Ila angalia tena msiba wa Kayenze. Nilikuwa na kundi. Kundi ndilo lililoniingiza ufukweni: niliona wawili wamepita, nikaacha kuutazama mchanga nikawa natazama namba ya gari la mbele. Kisha kundi hilohilo likaniacha. Hapo ndipo fundi ana hoja, hata kama aliisema kwa mkato.

Tazama msafara wa harusi unaposhuka Barabara ya Nyerere Jumamosi jioni, pikapu ya matarumbeta mbele, taa zinawaka-waka, magari yamebanana kiasi kwamba bajaji haipenyi. Ndani yake yumo baba mtu mzima, mlei wa kanisa, ambaye siku nyingine husimama kwenye taa nyekundu hata usiku wa manane. Siku ya msafara anaipita. Ukimuuliza atakwambia alikuwa anaogopa kupotezana na wenzake. Sasa mpeleke huyo huyo kwenye tuta la mita 80, wa mbele yake ana injini ya V8 na gari jepesi, yeye ana ya petroli ndogo na mizigo juu. Ataiga mwendo usio wake. Au atapanda kabla wa mbele hajaondoka ng'ambo, kwa hofu ileile ya kuachwa, na wakutane kwenye demani bila kuonana.

Halafu kuna hesabu ambayo wapenzi wa misafara mikubwa hawapendi kuipiga. Chukua magari kumi na manne. Kila moja likwame mara moja tu kwa siku, na kila kukwama kuchukue dakika ishirini. Hizo ni dakika 280, saa nne na dakika arobaini, watu wamesimama juani. Ukitoka asubuhi, wakati mchanga umepoa na umeshika umande kidogo, hesabu hiyo inakupeleka saa sita mchana, jua likiwa utosini. Saa hizo vivuli vimepotea, na tuta na bonde vinaonekana kama shuka moja jeupe. Kila anayekwama anawachelewesha kumi na watatu, anaona aibu, na anayeona aibu anaendesha kwa kulipiza. Njia nayo inachoka. Mahali tambarare, kufuata alama za wa mbele kunasaidia, hasa kwenye zile sabkha, nyanda za chumvi zenye gamba gumu juu na tope chini. Kwenye mpando ni kinyume: magari saba yakishapita yameukoroga mchanga, na wa nane anapanda tuta ambalo si lile alilopanda wa kwanza.

Wanaoujua mchezo huu wameweka kanuni za kuziba matundu hayo. Gari moja tu kwenye mpando, wengine wanasubiri mpaka redio ya upepo iseme "njia nyeupe". Kule Imperial, kwenye matuta ya California, sheria inadai kila gari liwe na mlingoti mrefu wenye bendera, ili uione bendera kabla hujaliona gari. Kamba isifungwe kwenye kile kichwa cha kuvutia trela, maana kikikatika kinaruka kama risasi na kimeshaua watu. Kanuni nzuri sana. Zinahitaji mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuwaambia watu wazima, wenye magari ya mamilioni, "nyie wawili leo mnazunguka chini." Katika msafara wa marafiki kumi na wanne mtu huyo ni nadra, kwa sababu kila mmoja amekuja kuonekana akipanda. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na mchangani kenge huwa hajijui mpaka afike juu.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni fundi magari Oman mwaka wa sita huu, na siku za mapumziko huingia Wahiba na wenzake kupitia mji wa Bidiyah. Nilimpigia kumwelezea ubishi wetu. "Kaka, sisi sasa ni magari manne," akaniambia. "Mwanzo tulikuwa tisa, tukawa tunagombana kila wiki." Nikamuuliza anayejua zaidi anakaa wapi. Nilitegemea aseme mbele. Akasema wana wawili wanaojua: mmoja anaongoza, mwingine anafunga msafara, na anayefunga ndiye mwenye sauti. Akisema simameni, wa mbele anasimama hata kama yuko katikati ya raha zake.

Nadhani hapo ndipo jibu lilipo, na si kwenye idadi peke yake, ingawa idadi inalisaidia. Kundi linaloongozwa na mwendo wa aliye mbele ni msafara wa harusi. Linaloongozwa na hali ya aliye nyuma ni msaada wa kweli. Magari matatu hadi matano yanaweza kuwa hivyo. Kumi na manne yanaweza pia, lakini labda yakigawanywa matatu matatu, manne manne, kila fungu na wake wa kuongoza na wa kufunga, na kwa hiyo tumerudi kwenye makundi madogo yaliyokula chakula cha mchana pamoja.

Kuna la mazingira, ambalo pale gereji siku ile halikumgusa mtu. Kwenye tuta tupu upepo hufuta alama za tairi upesi, hilo ni kweli. Si kweli kwenye nyanda za changarawe za Namib, ambako alama hukaa miaka mingi sana, wala kwenye fukwe ambako ndege hutaga chini. Afrika Kusini ilitunga kanuni mwaka 2001 za kuzuia magari ya starehe kwenye fukwe zake. Sisi tuta letu maarufu ni ule mchanga mweusi unaohama karibu na Olduvai, majivu ya Ol Doinyo Lengai yanayosukumwa na upepo mwaka hadi mwaka, na sidhani kama kuna mwenye akili timamu anayetaka kulipandisha Prado. Hata ufukwe wa ziwa si uwanja wa bure: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuuharibu.

Hilo la mwisho nililisema Jumatatu, kwa sababu kijana wa video ameshaanza kukusanya watu. Wanataka kwenda kujaribu mchanga, si ufukweni tena baada ya kuwatisha na sheria, bali kwenye shamba la mjomba wake lenye machimbo ya zamani. Mpaka sasa ana magari sita na kipimo cha upepo kimoja. Fundi amekataa kwenda. Mzee wa Canter anasema atakwenda kuangalia tu, na kamba yake. Kijana akaniuliza mimi je, nitakaa nafasi ya ngapi.

Nikamwambia ya sita, na redio nishike mimi.