Mota zikae stoo au zisubiri oda? Kuhusu kupanga bidhaa zilizo nusu njiani

Kuna ubishi hauishi viwandani kati ya watu wa mipango na watu wa fedha, nao ni kuhusu vile vitu vya katikati ambavyo si malighafi tena ila bado huwezi kumuuzia mteja. Mota ambayo haijafungwa kwenye pampu, fremu ya baiskeli ambayo haijapigwa rangi, kitambaa kilichofumwa ambacho hakijatiwa rangi. Wa mipango wanataka vizalishwe mapema kwa makadirio vikae tayari, wa fedha wanasema subirini oda ije ndo muanze, pesa isilale. Mimi niko upande wa kuweka stoki katikati, ila kwa masharti, na kusema ukweli hawa wa fedha wana hoja nzito kuliko sisi tunaopanga tunavyopenda kukubali.

Tuseme kiwanda kinatengeneza aina 10 za pampu na zote zinatumia mota ileile, zinatofautiana bodi, saizi ya mdomo na waya. Kutengeneza mota toka shaba mpaka ijaribiwe ni wiki 5, kufunga pampu ni wiki 1, na mteja yuko tayari kusubiri wiki 2. Hapo tayari jibu limeshaanza kuonekana manake ukisubiri oda ndo uanze kusuka koili mteja atangoja wiki 6 na hatangoja, ataenda kwingine. Kwa hiyo lazima kitu fulani kiwe tayari kabla oda haijafika, swali ni kipi, pampu nzima au mota tu. Hiyo sehemu ambapo makadirio yanaishia na oda ya mteja inaanza kuendesha kazi, Waholanzi Hoekstra na Romme waliichambua vizuri sana miaka ya mwanzo ya 1990, na hoja ni nyepesi tu: juu ya hapo, yaani kwenye hatua za kabla yake, unazalisha kwa kukisia, chini ya hapo, yaani hatua za baada yake, unazalisha kwa uhakika.

Sasa kwanini mota na sio pampu? Hapa ndo hesabu inanishawishi. Tuseme kila aina ya pampu mauzo yake yanayumba kwa kama vipande 30 kwa wiki juu au chini ya wastani. Ukitaka kujikinga kwa stoki ya ziada kwenye pampu zilizokamilika inabidi uweke kinga ya kila aina peke yake, 30 mara 10, yaani 300. Ukijikinga kwenye mota moja inayotumika na zote, aina moja ikipanda nyingine inashuka, zinafidiana, na myumbo wa jumla unakuwa 30 mara kipeuo cha pili cha 10 (kama 3.16), ambayo ni kama 95. Huduma ileile kwa kinga ambayo haifiki theluthi moja. Hiyo sio ujanja wa sistimu yoyote, ni takwimu tu. Ila kuna sharti watu hawalitaji, hesabu hiyo inafanya kazi pale ambapo mauzo ya aina moja hayafuatani na ya nyingine. Kama pampu zote 10 zinapanda pamoja msimu wa kiangazi na kushuka pamoja mvua zikinyesha, faida hiyo inapungua sana, na anaekuletea slaidi yenye 95 bila kuangalia data ya mauzo anakudanganya hata kama hajui.

Wapo waliolifanya hili kwa ukubwa. Kampuni ya HP kwenye printa zake za DeskJet walikuwa wanatengeneza printa za kila nchi kiwandani, stoki inajaa ya nchi moja huku nchi nyingine wanalia hakuna, wakaamua printa isafiri ikiwa ya aina moja alafu kifaa cha umeme na kitabu cha maelekezo viwekwe kwenye ghala la kusambazia. Benetton, kampuni ya nguo, nao walifuma masweta bila rangi, wakatia rangi baadae walipoona soko linataka nini. Lakini angalia kwa makini, wote wawili ilibidi wabadili bidhaa yenyewe au mpangilio wa kazi kwanza, haikuwa suala la kubadilisha tu namna ya kupanga. Kama mota yako ina tofauti ndogondogo kwa kila pampu, shafti ndefu huku, fupi kule, basi huna mota moja, una mota 10, na kuziwekea stoki ni kuhamisha tatizo tu toka stoo ya mwisho kwenda stoo ya kati.

Upande wa pili sasa. Kwanza kuna Joseph Orlicky, yule wa IBM, aliesisitiza kwamba mahitaji ya kitu kinachotegemea kingine hayakisiwi, yanakokotolewa. Ukijua pampu ngapi utauza unajua mota ngapi, mbona unakisia mara ya pili? Ni hoja safi na kwa kiwanda chenye bidhaa chache zinazotabirika sioni sababu ya kubishana nayo, weka makadirio kwenye pampu uache sistimu ikokotoe yenyewe mota na vifaa vya chini yake. Pili ni muda. Mota 1,200 zikiwa njiani na stoo huku unatumia 200 kwa wiki, kwa wastani mota itakaa wiki 6 kabla haijatoka, hiyo ni sheria ya Little (vilivyopo gawanya kwa kasi ya kutoka) na haina msamaha. Na wiki 6 ni ndefu, vanishi ya koili ikiwa na kasoro unakuja kuigundua kwenye benchi la kufungia pampu wakati umeshazalisha mamia zenye kasoro ileile, au wahandisi wanabadili shafti na rundo zima linakuwa chuma chakavu. Tatu, ambalo binafsi naliona kubwa kuliko yote, mashine ya kusuka koili ikiwa ndo finyo la kiwanda, yaani sehemu inayochelewesha zote, basi kila mota unayosuka kwa kukisia inakula saa ambayo oda ya kweli ingeitumia. Mtu wa fedha anaona pesa imelala, ila mimi naona mashine imeshikwa na kitu ambacho hakuna aliekiomba.

Kwa wanaotumia SAP, programu ya kompyuta ya kuendesha kampuni, hii mijadala inageuka kuwa namba za strateji za kupanga na hapo ndo makosa mengi yanazaliwa. Strateji 40, makadirio yako kwenye pampu na unaifunga kabisa kabla oda haijaja, oda zikija zinakula makadirio, yaani zinayapunguza. Strateji 50, makadirio bado yako kwenye pampu lakini kazi inaishia kwenye vifaa vyake, kufunga kunasubiri oda ya mteja. Strateji 70, makadirio unayaweka kwenye mota yenyewe. Kuchagua kati ya 50 na 70 watu wanapiga kelele nyingi na wakati swali ni moja tu, kipi unaweza kukikadiria kwa uhakika zaidi, pampu au mota? Kwa mfano wetu aina 10 zinayumba kila moja kivyake ila jumla imetulia, kwa hiyo 70. Pampu zingekuwa aina 2 tu na wateja walewale kila mwezi ningeenda 50 bila kusita.

Lakini 70 inataka uangalizi. Lazima kwenye data ya mota alama ya mipango mchanganyiko iwe 1, la sivyo mahitaji yanayoshuka toka kwenye pampu hayali makadirio uliyoweka, vyote viwili vinasimama, na kama unakadiria 200 kwa wiki na pampu nazo zinaomba 200 sistimu itakuambia tengeneza 400. Nimeona plana akilaumiwa miezi mizima kwa stoki kuvimba kumbe ni tarakimu moja kwenye skrini. Alafu kuna siku za kula makadirio, yaani umbali ambao mahitaji yanaruhusiwa kutafuta makadirio ya kupunguza, ukiweka siku 10 za kazi kurudi nyuma na makadirio yako yako wiki ya 5 lakini pampu inaomba wiki ya 8, havionani, makadirio yanabaki yananing'inia na mota zake zinatengenezwa hivyohivyo. Na kama pampu inazalishwa kwa oda ya mteja mmoja mmoja hakikisha mota iko kwenye mahitaji ya pamoja, yaani stoki moja kwa oda zote, alama 2, kwasababu ukiacha wazi mahitaji ya mota yanaweza kufungwa kwa yule mteja tu, na zile mota zote ulizoweka stoo zinakaa hapo zinaangaliwa huku mpya zinasukwa.

Kwa hiyo mimi ningeweka stoki ya kati sehemu moja tu. Sio mota na rota na koili na bodi zote, manake kila stoo ya ziada inaongeza wiki zake na makadirio yake ya mtu kuyasimamia. Ningeiweka pale penye vitu vitatu kwa pamoja: chini yake tofauti zinaanza kuzaliana, juu yake muda ni mrefu kuliko subira ya mteja, na kitu chenyewe hakiharibiki wala hakibadilishwi michoro kila robo mwaka. Sharti moja likikosekana nawapa wa fedha haki yao. Na makadirio ya mota yawe na mwenyewe, mtu mwenye jina ambae kila mwezi anayalinganisha na zilizotumika kweli na ana mamlaka ya kuyashusha. Viwanda vingi wanayaweka mara moja sistimu inapoanza kutumika, aliyeyaweka anahama idara, na miaka miwili baadae mota bado zinasukwa kwa mauzo ya wakati ule.