Jibu la modeli liko folda gani?

Mwanafunzi aliyekuja kwetu hapa Dar kwa mafunzo ya vitendo aliniuliza jambo lilelile wiki nzima: "Mwalimu, jibu liko wapi?" Modeli ya mto Msimbazi, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria maji ya mto huo, ilishamaliza kazi tangu asubuhi. Jibu lilikuwemo, ila limezama katikati ya mafaili zaidi ya elfu moja.

Wanaotumia SWAT, programu tunayoendeshea modeli hiyo, wanalijua hili. Programu hiyo hugawa bonde la mto vipande vipande kwa udongo, mteremko na matumizi ya ardhi, na kila kipande kina mafaili yake: la udongo, la kilimo, la maji ya ardhini na mengine. Ukiwa na vipande 300 tu, umeshavuka mafaili 1,000. Halafu matokeo, kama output.rch lenye mtiririko wa mto, yanatupwa humohumo, kwenye folda iitwayo TxtInOut. Ukiendesha modeli tena kabla hujayahifadhi kwingine, mapya yanafuta ya zamani.

Mimi nataka SWAT ifungue folda mpya kila inapoendeshwa, jina lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, zijipange zenyewe. Ndani yake ziwe folda tatu: vilivyoingia, vilivyotoka, na vya muda ambavyo mtu anafuta bila hofu. Zisizidi hapo. Kurundika folda ndani ya folda nako ni mateso. Windows kwa kawaida hugoma anwani ya faili ikifika herufi 260.

Na humo iwemo nakala ya mipangilio yote. Hili ndilo linaloniuma. Masika moja tulikuwa na grafu mbili za maji yanayofika eneo la Jangwani hapa Dar, vilele havilingani, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema ipi ilitumia mvua ya kituo gani. Tulirudia kazi yote. Pale Jangwani maji yanaingia majumbani mwa watu. Namba zake hazifai kukisiwa.

Najua skripti nyingi za watafiti, yaani programu fupi wanazojiandikia, zinategemea mpangilio wa zamani. Basi ubaki kama chaguo kwa matoleo mawili matatu ya SWAT, watu wahame taratibu.

Yule mwanafunzi nimemwandikia skripti fupi ya Python inayohamisha matokeo na mipangilio kwenye folda ya tarehe. Siku hizi ananiuliza kuhusu mvua.