Mlei anolipwa na kanisa na yeye aandikishwe bima

Ntasema wazi mana kwenye vikao vya parokia hili linapitwa haraka haraka: kila anolipwa na kanisa aandikishwe bima ya afya, awe kasisi au mlei, yani muumini asokuwa kasisi. Hapa Unguja kasisi akiugua inajulikana nani analipa, lakini mlinzi wa geti, mwalimu wa chekechea, mama anofagia na kupanga maua altareni, hao tunawapitishia kapu baada ya ibada na mtu yuko kitandani Mnazi Mmoja anasubiri tumalize kuhesabu.

Waanglikana wenzetu wa Marekani, Episcopal Church, kwa hili nawapongeza. Mkutano wao mkuu wa 2009 ulipitisha kwamba mlei alopangiwa saa 1,500 au zaidi kwa mwaka aingizwe bima ya pamoja ya kanisa kama kasisi, na kanisa limchangie sawa na linavomchangia kasisi. Ni kama saa 29 kwa wiki, yani mlinzi wetu kashazipita zamani. Mwenye bima kupitia mume au mke anaruhusiwa kukaa nje. Wanahesabu saa, cheo hakiangaliwi, na mimi hapo ndo napopapenda khasa.

Ila fomu ya bima ina muda wake. Kule sheria ya nchi inampa mfanyakazi alooa au alopata mtoto angalau siku 30 za kumuongeza kwenye bima ya kazini, zikipita mara nyingi anangoja hadi msimu wa kujiandikisha, sasa kama katibu wa ofisi hakumwambia mtu si kamuonea?

Huku kwetu tuna Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, sheria yake ya 2023, mwajiri anachangia na mwajiriwa anachangia, umeanza na watumishi wa serikali ukaja sekta binafsi. Na kanisa ni mwajiri jamani! Msiniambie yule anajitolea tu, mtu anakuja siku sita kwa wiki, funguo zote anazo yeye na mwisho wa mwezi anasaini posho.

Najua vijiparokia vya Pemba sadaka ni ndogo, Wete huwezi kulinganisha na kanisa kuu la Mkunazini mjini Unguja, ndo mana nasema mchango wa mwajiri ukusanywe dayosisi, wenye nacho wawabebe wasio nacho. Na mkataba uandike saa za kazi, fomu ya bima ijazwe siku ya kwanza pamoja na majina ya watoto.