Nilivyofungishwa Ramadhani kisiwani Mafia

Mimi ni mtu wa Mwanza. Nimekulia sato na ugali, na ugenini huwa silali njaa. Nilipopanga kwenda Mafia kumwona papa potwe niliandaa kila kitu: basi mpaka Nyamisati, boti mpaka Kilindoni, miwani ya kuzamia ya kuazima, dawa ya kichefuchefu. Nilijua msimu wa papa ni Oktoba hadi Machi, nikachagua katikati ya Machi 2025 ili niwahi mwishoni mwishoni. Kalenda nyingine sikuiangalia. Ulikuwa mwezi mtukufu wa Ramadhani.

Nyamisati abiria mmoja mzoefu alinishauri nisitie kitu tumboni kabla ya kuvuka. Nikamsikiliza, na nikashukuru, maana ile boti ilituchapa kama nazi kwenye kikapu. Nikashuka Kilindoni saa nne asubuhi, tumbo jeupe, nikaelekea sokoni nikiwa tayari nimeshaonja kichwani wali wa nazi na mchuzi wa pweza ambao watu walinisimulia.

Meza za mama ntilie zimepinduliwa, miguu juu. Kikaango cha chapati kimelala kifudifudi. Nikazunguka mara mbili. Penye uchochoro mmoja nikaona khanga mbili zimetundikwa mlangoni, nikasema moyoni, hawa wanafua. Nikapita. Hizo khanga mziweke akilini.

Nyumba ya wageni niliyofikia ilikuwa na bibi mmoja barazani anakuna nazi kwa ajili ya jioni. Nikapiga magoti kidogo, tabia ya kwetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Pole na bahari. Umefunga?"

Jibu sahihi lilikuwa fupi: hapana bibi, mimi Mkristo, naomba unielekeze pa kula. Lakini alivyoniangalia kwa huruma, na ile mbuzi ya nazi imesimama kunisubiri, ulimi wangu ukatoka na neno ambalo sijui uliliokota wapi: "Alhamdulillahi."

"Mashaallah!" Akaita ndani. "Njooni mumwone mgeni, kafunga na safari!" Watoto wakatoka wanne. Mzee akatoka. Nikapewa mkono. "Basi leo unafuturu kwangu, wala usiende mbali."

Hapo ndipo nilipofungwa. Kwenye begi nilikuwa na pakiti ya biskuti, lakini kila nikiingia chumbani mtoto mmoja alikaa mlangoni kunitazama mgeni mcha Mungu anavyopumzika. Biskuti ukiifungua inalia kama bati la mvua. Nikaiacha.

Saa nane tukaingia baharini kumtafuta papa. Ndani ya mashua tulikuwa nahodha, mimi, na kijana msaidizi ambaye habari zangu zilishamfikia. Mji mdogo ule. "Kaka, saumu yako inaendaje?" "Inaenda." "Usizungumze sana, unakausha koo."

Papa tulimpata bila kuhangaika, na hapa niache utani kidogo. Samaki mkubwa kuliko wote duniani, mgongo una madoadoa meupe kama mtu kamwaga tui, anapita chini yako taratibu bila haraka ya mtu yeyote. Hana habari na wewe. Anakula vidudu vidogo vya majini na vidagaa, basi. Ila namna anavyokula! Alikuja juu, akafungua mdomo mpana kama mlango wa kibanda, maji yakaingia na kila kilichomo, akafunga, mashavuni maji yakatoka, chakula kikabaki. Akafungua tena. Saa nane na nusu ya mchana, hadharani, mbele ya watu waliofunga. Nilimwonea wivu ambao sijawahi kumwonea mtu mwenye gari.

Katika kumshangaa nikasahau mrija wa kupumulia, nikanywa bahari. Nikapandishwa mashuani nakohoa.

"Umemeza?" kijana akauliza.

"Yameingia yenyewe."

"Kama hukukusudia haidhuru. Ila kama ulikusudia, utailipa hiyo siku." Akaniangalia kwa jicho la kadhi.

Jioni mkeka ukatandikwa uani. Sitaeleza kila kitu, nitaumia upya. Muhogo wa nazi uliopikwa ukalainika mpaka tui limeshikana, juu yake vipande vya changu wa kukaanga. Tambi. Kaimati zinang'aa kwa shira. Uji wa pilipili manga unafuka. Na mbele yangu kabisa, umbali wa kiganja, kisahani cha tende. Sote kimya, tunasubiri jua.

Allahu akbar! Sauti nzuri kabisa, karibu sana. Tende ikawa mdomoni kabla sijajua mkono umeondoka.

Hakuna mwingine aliyesogea.

"Hiyo simu ya baba inaita," mtoto akasema.

Bibi akanitetea: "Mwacheni, safari imemchosha." Jasho likanitoka, nikachomoa leso mfukoni nijifute, na pamoja na leso ikadondoka tiketi ya boti. Mtoto wa pili, yule anayejifunza kusoma na hakosi nafasi, akaiokota, akalisoma jina langu kwa sauti, silabi kwa silabi. Jina la ubatizo, la yule mvuvi wa Galilaya aliyekabidhiwa funguo.

Adhana ya kweli ikaadhiniwa wakati huohuo, lakini hakuna aliyeanza kula.

Mzee akaikunja tiketi vizuri, akanirudishia. "Huyu si alikuwa mvuvi?"

"Ndiyo, babu."

"Basi mvuvi mwenzetu. Kula."

Nikala. Nilikula kama papa, mdomo wazi. Bibi akaniongeza muhogo mara tatu, kisha akauliza kwa upole: "Lakini mwanangu, hata nyinyi si mko kwenye Kwaresima sasa hivi?"

Nilikuwa na kaimati mbili mdomoni. Sikuweza kujibu, na hata ningeweza, nilishakula nyama ya mbuzi Kibiti siku moja kabla, tena Ijumaa.

"Na ungesema tu," akaendelea. "Pale uchochoroni penye khanga, nyuma yake pana wali tangu saa sita. Wagonjwa wanakula, wasafiri wanakula. Wewe ulidhani ni nini?"

"Nguo zinakauka, bibi."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta.

Kesho yake mchana, kabla ya kwenda Chole kuwaona wale popo wakubwa, nikaenda pale uchochoroni. Nikafunua khanga taratibu, nikainama, nikaingia. Kagiza, benchi mbili, harufu ya pweza. Benchi la mwisho kulikuwa na mtu kainamia sahani, kanipa mgongo. Akageuka, shavu limejaa.

Yule kijana wa mashuani.

Tukaangaliana. Akameza. Akasogea kunipa nafasi.

"Msafiri," akasema, akionyesha baharini kwa kijiko.