"Kifua juu!" kwa nani?

Kocha akimpigia mtu kelele "kifua juu!" anapopiga skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka akiwa na chuma cha uzito mabegani, ni kwa sababu amemwona anainama mbele. Ni dawa ya kosa alilolishuhudia kwa macho. Kijana asiye na kosa hilo akiisikia kwenye video na kuifuata kwa bidii zote, anajizalia kosa jipya: anabinua kifua hadi kiuno kinabonyea, na akishuka na chuma mabegani mgongo wa chini ndio unaoumia. Kisha anaambiwa hana nguvu. Inaniuma, maana kijana huyo ametii kila neno.

Mashauri mengi ya mtandaoni si ya uongo. Tatizo ni kwamba anayeyatoa hamwoni anayeyapokea.

Chukua lile la "magoti yasipite vidole vya miguu". Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, Fry na wenzake, walichapisha jaribio la wanaume 7 waliopiga skwati huru, kisha wakapiga nyingine wakiwa wamewekewa ubao mbele ya miguu ili magoti yasisogee. Mzigo wa kupinda goti ulipungua kwa takriban moja ya tano. Ule wa nyonga ukapanda zaidi ya mara 10, kwa sababu kiwiliwili kililazimika kuinama. Mwenye maumivu ya goti huenda akanufaika na katazo hilo. Lakini anayeanza, hasa mwenye mapaja marefu, akizuia magoti ama ataanguka nyuma ama ataulaza mgongo.

Vifaa navyo vinadanganya. Kwenye video nyingi za kunyanyua chuma kutoka chini, sahani kubwa za uzito zinazovishwa kwenye ncha za chuma zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma kinakaa sentimita 22.5 juu ya sakafu. Jimu zetu nyingi za mtaani zina sahani ndogo, au makopo yaliyojazwa zege. Hapo chuma kiko chini zaidi, na mwanafunzi anayehangaika kuiga mkao wa kwenye simu atapinda mgongo hata akaririje maelekezo. Anachohitaji ni mbao imara chini ya sahani, ili chuma kiinuke hadi katikati ya muundi. Sijui kwa nini jambo rahisi hivi halisemwi.

Kwa anayeanza ningesema hivi: weka uzito mwepesi, jirekodi kwa upande, mwonyeshe mtu aliyekutangulia kwenye vyuma, kisha rekebisha jambo moja tu. Usibebe mashauri matano kwenye skwati moja. Kama hujaona kosa kwenye video yako mwenyewe, achana na dawa yake.

Na ninyi makocha mnaorekodi, semeni kabla ya kitu kingine: "Hili ni la mtu anayeinama mbele." Haichukui hata sekunde tano.