Niliuliza kila kitu kwenye urojo, isipokuwa urojo

Mi nakaa Dar ila kwetu Moro, na mpaka mwaka juzi nilikuwa mtu wa chapati maharage kila siku ya Mungu, jioni andazi, Jumamosi sambusa nne za kuanzia halafu ndo tunaulizana tunakula nini. Kumbe muda wote huo tumbo lilikuwa linanilaani. Nimetibiwa taifodi mpaka ikafika hatua naandikiwa dawa bila hata kupimwa, nikatibiwa amiba, minyoo, vidonda vya tumbo, jirani akasema nimelogwa na anamjua aliyeniloga, na damu nayo haipandi, kwa hiyo asubuhi nakunywa rozela jioni matembele ya kusaga, nyekundu na kijani zinakutana humo ndani kama dabi ya Kariakoo.

Mwisho daktari mmoja kijana akasema hebu tuangalie kitu kingine. Wakachukua damu wapime kingamwili, baadae nikamezeshwa mpira wenye kamera, wakanyofoa kinyama kidogo cha utumbo mwembamba, majibu yakaja: siliaki. Yaani ngano, shayiri na rai zina protini inaitwa gluteni, sasa mwili wangu ukiiona hiyo gluteni unadhani mwizi kaingia, ila badala ya kumpiga mwizi unabomoa nyumba. Vile vinyweleo vya utumboni vinavyonyonya chakula vinanyauka, ndo mana rozela zote zile zilikuwa zinapita tu kama abiria wa njiani.

Nikauliza dawa. Akasema dawa hamna, ni kuacha ngano mpaka unaingia kaburini. Akanihadithia kuhusu daktari mmoja wa watoto Uholanzi, Willem Dicke, kwamba ile njaa ya vita ya 1944 na 1945 mkate ulipoadimika watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu wakati wenzao wanadhoofu, mkate uliporudi wakaanza tena kuumwa. Nikamwambia kwa hiyo dokta mi kupona kwangu kunataka vita? Akasema hapana, kunataka ugali. Halafu akanifariji kwamba sipo peke yangu, duniani ni kama mtu mmoja katika kila mia. Nikapanda mwendokasi kurudi home, limejaa mpaka mlangoni, nikawaangalia wale watu nikasema humu ndani yupo mmoja na namjua.

Nyumbani wala hamna shida, kwetu kuna wali, ugali, ndizi, mihogo, viazi, mbona ni raha tu. Shida ni kula nje.

Siku ya kwanza nilienda kwa mama lishe wa karibu na kazini, nikavizia wateja wapungue maana nilikuwa naona aibu, nikamsogelea nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama samahani, mi siku hizi situmii unga."

Mama akaacha kufunika sufuria. Akaniangalia juu mpaka chini, macho yakalenga machozi, akanishika bega. "Mwanangu, hongera sana. Mungu akusimamie usirudi nyuma. Mtoto wa dada yangu naye anajitahidi kuacha."

Sasa mtu ameshaanza kulia, unaanzia wapi kumwambia ulimaanisha unga wa chapati? Nikasema amina. Siku hiyo nilipigiwa nyama mbili za ziada, na tangu hapo nikichelewa kidogo chooni mama anatuma mtoto akagonge mlango.

Nikaona hapa lugha ndo tatizo, nikaandika kikaratasi nikakikunja kwenye waleti: SILI NGANO. Kifupi, kinaeleweka. Nikaingia mgahawa mmoja una menyu na viti vya kuzunguka, nikampa weita, akasoma akatabasamu, "Usijali kaka, wa aina yako tunao wengi sana hapa." Nikajisemea Mungu mkubwa, hatimaye nimefika kwa watu wanaojua. Akarudi na chapati mbili za kahawia zinatoa moshi na chai isiyo na sukari.

"Kaka, hizi siyo za ngano, hizi za atta. Ndo tunawapaga wenye sukari."

Jamani. Atta ni ngano hiyohiyo imesagwa na ganda lake! Yaani kaninyang'anya sukari ambayo hainidhuru akanipa ngano ambayo inaniua, tena kwa upendo, tena akasimama pembeni aone navyofurahi. Sikula, ila bili nililipa kwa sababu ya lile tabasamu.

Kikaratasi kikaongezwa: WALA ATTA. Kisha nikala chipsi za banda fulani, viazi si viazi jamani, usiku mzima sikulala, kesho yake napita naona yuleyule jamaa anaibua sambusa kwenye yale mafuta. Nikaongeza: WALA MAFUTA YALIYOKAANGIA SAMBUSA. Nikala wali wa kukaanga sehemu, kumbe sosi ya soya nayo nyingi zina ngano, nikaongeza. Tambi nikaongeza. Bia nikaongeza kwa sababu ya shayiri, hiyo niliandika huku mkono unatetemeka. Ikafika hatua dada mmoja mhudumu alikipokea, akasoma mstari kwa mstari, akageuza nyuma aone kama kinaendelea, akanirudishia kwa mikono miwili kwa heshima zote akauliza, "Kaka, na kuku mweusi anaruhusiwa?"

Haya, hayo yote yalikuwa mazoezi. Mechi yenyewe ilikuwa Unguja.

Mwezi wa 8 mwaka jana nilienda kujitambulisha ukweni. Mchumba alishampanga mama yake kila kitu na yule mama sitamsahau, siku tatu nilikula wali wa nazi, pweza, ndizi, mpaka mkate wa kumimina alinipikia wa mchele mtupu, na sufuria alizisugua upya kwa ajili yangu. Tumbo likawa limetulia kama msikiti saa nne asubuhi. Siku ya kuondoka shemeji, mdogo wake mchumba, ndo akanisindikiza bandarini, tunakatiza vichochoro vya Mji Mkongwe akasimama ghafla.

"Shem, umekula urojo?"

"Bado."

"Wallahi huondoki. Utaenda kusema nini huko bara?"

Sa shemeji huyo, siku tatu ananiangalia navyochagua chagua chakula, unadhani nitamkatalia tena? Tukaenda kwa bibi mmoja ana meza yake na sufuria kubwa, foleni imekunja kona. Nikatoa kikaratasi, bibi akasema hana miwani. Basi nikasema leo nafanya mahojiano ya mdomo, kitu kimoja kimoja, hanidanganyi mtu.

"Bibi, hizi bagia za nini?"

"Dengu."

"Na hizi kachori?"

"Viazi, ila nimezichovya kwenye ngano kidogo."

"Hizo toa kabisa."

"Haya, nimetoa."

"Mishkaki?"

"Nyama, mwanangu. Ushapata kuona mshkaki wa ngano?"

"Na hizi chipsi?"

"Muhogo."

"Karai lake umekaangia nini kingine?"

"Muhogo tu. Kachori zina karai jengine."

Kichwani nasema huyu bibi wangempeleka Dar akafundishe. Nikauliza chatine, nazi. Nikauliza ile nyekundu, pilipili. Nikauliza na yai, hapo hata yeye alinitazama. Nyuma ya foleni mtu akapaza sauti, "Yakhe, huyo anakula au anahesabu sensa?" Shemeji akawageukia akawaambia mgeni huyu, mvumilieni, anaumwa.

Bakuli likaja. Jamani sikilizeni, kile kitu kitamu. Manjano imekolea, ule uchachu wa embe unakukamata huku nyuma ya taya, muhogo unalia kru kru, bagia zimeanza kulainika. Nikamaliza nikaramba kijiko nikaagiza la pili. Na katikati ya la pili ndo nikajifanya mstaarabu nikaona nimsifie mwenyeji.

"Bibi, huu urojo mzito vizuri. Siri yake nini?"

"Siri gani tena, si ngano tu! Unaikoroga na maji, unatia embe mbichi na bizari, unachemsha huku unakoroga mpaka ishike. Bila ngano si yatakuwa maji ya embe?"

Kijiko kikaganda hewani. Shemeji naye kaganda. Foleni yote kimya, maana foleni yote ilishanisikia nikiuliza mpaka yai.

"Bibi," nikasema, sauti haitoki, "mbona hukuniambia?"

Akanitazama kama mtoto asiye na akili. "Umeniuliza vilivyomo ndani ya urojo, nimekujibu vyote. Urojo wenyewe hujauliza."

Na hapo mtamjibu nini? Nimlaumu nani? Shemeji anahangaika, "Shem, tapika! Tapika shem!" mbele za watu, mi nimevaa kanzu ya zawadi niliyopewa ukweni asubuhi ileile. Nikasema twende tu, labda safari hii mwili hautaona.

Mwili uliona. Boti imeondoka saa kumi jioni, Agosti, na wanaojua bahari wanajua Agosti kusi inapiga, na kutoka Unguja kwenda Dar unaelekea kusini unaukabili upepo uso kwa uso. Boti inapanda, inashuka, ikishuka tumbo linabaki juu. Hata dakika arobaini hazijaisha mabaharia wanagawa vifuko, watu wanatapika kwaya nzima, na mi nipo kwenye foleni ya choo nimekumbatia mlango, kanzu nimeipandisha mpaka magotini, jasho linatiririka. Nikiingia hawanitoi, nikitoka narudi mwisho wa foleni naanza upya, ikafika hatua wa mbele wakawa wananipisha bila kuulizwa kama gari la wagonjwa.

Kuna mama mmoja mtu mzima akanionea huruma. "Bahari hiyo mwanangu, tazama mbali, usitazame chini."

"Siyo bahari mama, ni urojo."

Akanuna pale pale. "Urojo haujapata kumdhuru mtu. Huo ulikula wa wapi?" Nikaanza kumweleza habari za gluteni huku boti inapanda na kushuka, nimefika kwenye vinyweleo vya utumbo mwenyewe nikakimbilia tena chooni. Nikarudi nikamkuta ameshafungua mkoba, kashika pakiti ya biskuti. "Kula hivi vikavu viwili, tumbo litashika." Nikageuza pakiti nikasoma viambato, neno la kwanza kabisa: unga wa ngano. Nikamwambia mama hapana, asante, ndo hiyohiyo inayoniua. Mzee wa kiti cha pembeni akaingilia kwa busara zote, "Basi mpeni andazi."

Zile saa mbili za safari naweza kuziandikia kitabu, ila hamtokula wiki nzima, tuziache. Niseme tu Dar nilishuka wa mwisho, na nililala siku tatu.

Niliporudi kazini nikasema liwalo na liwe, leo mama lishe namwambia ukweli. Nikamkalisha, nikamweleza kwamba ule unga siyo ule unga, ni unga wa chapati, na ni ugonjwa. Akanyamaza sana. Kumbe alishanitolea ushuhuda kanisani, mara mbili. Baada ya kusikitika kidogo akaniuliza basi nifanyeje mwanangu, nikamweleza kwamba hata mwiko uliokorogea rojo ya ngano ukiingia kwenye mboga yangu imekula kwangu, maana chakula kikiitwa hakina gluteni kipimo cha kimataifa ni miligramu 20 tu kwa kilo nzima, na mwiko wake ule una miligramu za tangu ndoa yake.

Kesho yake akanunua mwiko mpya na kisufuria, vyangu peke yangu. Mwiko akautundika kwenye msumari juu kabisa, na ili wale mabinti wake wasiuchanganye akaufunga kitambaa chekundu. Wateja wakiuliza ule wa nini mabinti wanajibu, "Ule haugusi mtu, una mwenyewe." Basi imetosha. Mwezi wa tano sasa hakuna mkono uliouelekea, hata paka wa pale anapita mbali.

Ila juzi juzi dereva boda mmoja anayekula pale akanivuta pembeni, akanong'ona, "Bro, mtaalamu wako yuko wapi? Mi nyota yangu imefifia kabisa." Nikacheka, nikamtolea kikaratasi aone kwamba ni mambo ya hospitali tu. Akakisoma chote kwa makini, akakipiga picha kwa simu, akakirudisha kwa mikono miwili.

Jana kanisimamisha barabarani, anang'aa. Anasema toka aache chapati na sambusa abiria wameongezeka, sasa anataka kujua kuku mweusi aanze naye lini.